Hita ya dizeli inayowaka vizuri kisha kuzimika dakika ya tatu

Gari ni vani ya dizeli ya lita 2.0. Chini ya boneti ina hita ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini) ya kilowati 5 inayochoma dizeli kutoka tanki la gari lenyewe, na kazi yake ni kupasha injini na kabini kabla dereva hajaingia. Malalamiko yalikuwa haya: asubuhi za baridi, nyuzi 5 hadi 12 chini ya sifuri, hita inawaka bila shida, inanguruma kwa dakika mbili na kitu, kisha inanyamaza. Baada ya muda inajaribu tena yenyewe, safari hii ikitoa moshi mweupe mzito. Siku nyingine jaribio la pili lilifaulu, siku nyingine halikufaulu. Mwisho hita ikajifunga kabisa, ikawa haikubali hata kuzungusha feni.

Kabla ya hapo ilikuwa imepita gereji mara mbili. Mara ya kwanza ilibadilishwa plagi ya kupasha, yaani kijiti cha umeme kinachowasha dizeli. Ikafanya kazi siku kadhaa, tatizo likarudi. Mara ya pili kichomeo kilifunguliwa, kikakutwa kimejaa kaboni, kikasafishwa. Ikafanya kazi tena, tatizo likarudi tena. Kazi ya mikono ilikuwa safi mara zote mbili. Kilichokosekana ni swali moja: hita inakufa katika hatua gani?

Hita inavyowaka

Umeme katika hita hii ni wa kuianzisha na kuiendesha tu. Joto lote linatoka kwenye dizeli. Ndani kuna kichomeo chenye utambi wa nyuzi za chuma, plagi ya kupasha, feni ya hewa ya kuchomea, ganda la aluminiamu lenye njia za kulanti, pampu ndogo ya kuzungusha kulanti, sensa na kompyuta. Nje yake, kwa kawaida karibu na tanki, iko pampu ya mafuta. Ni pistoni ndogo inayovutwa na solenoidi (sumaku ya umeme), na kila pigo linasukuma kiasi kilekile, kwa hita hii takriban mililita 0.03. Ule mlio wa tik-tik chini ya gari ndio huo.

Hapa pana jambo linalosahaulika. Kompyuta haina sensa ya kuiambia kwamba mafuta yamefika. Inahesabu mapigo na kuamini kwamba kila pigo ni dizeli. Pampu ikipiga hewa, mlio unabaki karibu uleule na kompyuta haijui lolote mpaka moto uzimike.

Ukiwasha, kulanti inaanza kuzunguka, feni ya kuchomea inazunguka polepole na plagi inavuta ampea 8 hadi 10 kwa nusu dakika au zaidi mpaka iwe nyekundu. Pampu ya mafuta inafuata kwa mwendo mdogo, kama mapigo 1.5 kwa sekunde. Dizeli inalowesha utambi, sawa na inavyokuwa kwenye jiko la mafuta ya taa, inageuka mvuke, inachanganyika na hewa na kushika moto. Sensa ya moto ikithibitisha (kuna hita ambazo plagi yenyewe ndiyo sensa, ukinzani wake ukipimwa baada ya kukatiwa umeme), feni na pampu vinaongezwa kasi kwa pamoja, ngazi kwa ngazi, hadi nguvu kamili. Kulanti ikikaribia nyuzi 75 au 80 hita inashuka hadi karibu nusu ya nguvu. Joto likizidi kupanda, moto unapumzishwa huku kulanti ikiendelea kuzungushwa.

Kuzima nako kuna utaratibu wake. Pampu ya mafuta inakata papo hapo, lakini feni inaendelea dakika mbili tatu, na plagi huwashwa tena kwa muda ili mabaki yaungue na chuma kipoe. Anayekata umeme kwa swichi kuu ya betri wakati huo anaacha mafuta mabichi kwenye utambi, na kaboni inajengeka hapo.

Dakika ya tatu inasema nini

Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa na aina mbili za makosa: moto kukatika wakati wa kazi, mara nyingi, kisha kufungwa kwa sababu ya majaribio mengi yaliyoshindwa. Namba za makosa hutofautiana kati ya watengenezaji, hata kati ya matoleo ya mtengenezaji mmoja, kwa hiyo soma maana kwenye kitabu cha hita yenyewe, usitegemee orodha ya hita nyingine.

Plagi iliyokufa inazuia kuwaka. Haiui moto ambao umeshawaka na kupanda nguvu. Kwa hiyo kubadilisha plagi hakukuwa na msingi tangu mwanzo. Volti ndogo nayo huonyesha makali yake katika dakika ya kwanza, plagi inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Betri ilipimwa ikiwa imetulia: 12.4. Kwenye soketi ya hita, plagi ikiwa imewaka: 11.6. Hita nyingi za volti 12 hujizima zikishuka karibu 10.5, na kipimo hiki kina maana tu kikichukuliwa kwenye hita yenyewe huku ikivuta umeme. Kwenye betri kitakudanganya ikiwa waya wa ardhini una kutu.

Mshukiwa anayefanana zaidi na kisa hiki ni hewa ndani ya kulanti. Mfuko wa hewa ukikaa ndani ya hita, ganda linachemka na hita inajizima katika dakika ya pili au ya tatu, saa ileile. Tofauti inaonekana kwa njia mbili. Kumbukumbu ingeandika joto kupita kiasi, nayo haikuandika. Halafu ushike mipira miwili ya kulanti: ukiwa na hewa au pampu ya kulanti isiyozungusha, mpira wa kutokea unaunguza huku wa kuingilia ukiwa baridi kama ulivyokuwa. Hapa yote miwili ilikuwa ikipanda joto pamoja, mpaka moto ulipokatika.

Ikabaki hewa ya kuchomea au mafuta. Mrija wa kuvuta hewa na ekzosi ya hita vilifunguliwa na kupulizwa. Vilikuwa wazi, na kile kitundu cha milimita 4 cha kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya ekzosi hakikuziba. Hewa ikipungua moshi huelekea kuwa mweusi na masizi hujaa mdomo wa ekzosi. Moshi mweupe ni mvuke wa dizeli isiyoungua.

Kisha mwenye gari akatoa habari mbili ambazo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tatizo lilianza baada ya tanki kushushwa ili kubadilisha sensa ya geji ya mafuta. Na tanki likiwa limejaa, hita haisumbui. Kila alipochukua gari gereji alipitia kujaza mafuta njiani, na kila aliposhuka chini ya nusu tanki, ugonjwa ulirudi. Plagi mpya na kichomeo safi vilipata sifa ya tanki lililojaa.

Kupima mafuta

Hesabu kwanza, ili ujue unatarajia nini. Dizeli ina takriban kilowati-saa 10 kwa lita. Ufanisi wa hita ukiwa karibu asilimia 80, kilowati 5 zinahitaji lita 0.62 kwa saa, yaani karibu mililita 15.5 kwa sekunde 90 katika nguvu kamili. Kama kitabu cha hita kinatoa kiwango chake, kitumie hicho. Hesabu hii ni ya kukuonyesha uko eneo gani.

Kipimo kilifanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na robo tanki. Mrija wa mafuta ulichomolewa kwenye hita na kuingizwa kwenye silinda nyembamba ya kupimia, ncha ikiwa kwenye usawa uleule wa hita. Usiishushe chini, kwa sababu mvuto wa mafuta yanayoteremka utabadilisha kipimo. Pampu iliendeshwa kwa mashine ya kusomea makosa kwa mwendo wa nguvu kamili, sekunde 90.

Mililita 9 za mwanzo zilitoka safi, bila kiputo. Baada ya hapo mrija ukatema povu na hewa hadi muda ukaisha. Kipimo cha pili, papo hapo, kilitoa 13. Cha tatu kilitoa 15.

Vipimo hivyo vitatu vinatosha kufunga mjadala kuhusu pampu. Pampu iliyochoka ingetoa kidogo mara zote tatu. Kichujio kilichoziba kwa uchafu, au kwa nta ya dizeli isiyo ya msimu wa baridi, nacho kisingepona chenyewe kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu huku baridi ikiwa ileile. Pampu hii ni nzima. Tatizo ni kile ilichokikuta kwenye mrija asubuhi.

Tazama pia zile mililita 9. Kutoka pampu hadi hita kuna mrija wa plastiki ngumu wa mita 3 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 2, ambao unabeba mililita 3.1 kwa mita, jumla 9.4. Kwa hiyo upande wa baada ya pampu ulikuwa umejaa. Vali ya ndani ya pampu ilikuwa imeyazuia mafuta yasirudi. Hewa ilikuwa upande wa kabla ya pampu, kati yake na tanki.

Sasa rudi kwenye dakika ya kuzimika. Wakati wa kuwaka pampu inatoa mililita 0.045 kwa sekunde, na kwa dakika moja na nusu hizo ni 4. Zinabaki mililita 5 na kidogo, ambazo zinaliwa ndani ya sekunde 40 hadi 50 nguvu inapopanda. Jumla ni dakika mbili na sekunde chache tangu pampu ianze, na ukiongeza muda wa plagi kupasha umefika dakika ya tatu. Hapo kiputo kinaingia kwenye kichomeo. Moto ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa ukila akiba ya jana.

Kilichokutwa kwenye tanki

Aliyeshusha tanki alikata mrija wa asili upande wa kuvutia na kuunga kwa sentimita 40 za mpira laini wa milimita 5 ndani. Ulivishwa moja kwa moja juu ya mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 4, ukabanwa kwa klipu kubwa za skrubu. Mpira wa 5 juu ya mrija wa 4 hauzibi hata ukikaza klipu mpaka ilie. Unajikunja tu upande mmoja na kuacha njia. Kwenye kiungo hicho vumbi lilikuwa limelowa. Ndiyo maelezo ya tanki kamili: usawa wa dizeli ukiwa juu ya kiungo, mafuta yanatoka kidogo kidogo nje; ukishuka chini yake, hewa inaingia na mafuta yaliyo kwenye mpira yanarudi tankini usiku.

Sentimita 40 za mpira huo zinabeba karibu mililita 8. Zikiwa hewa tupu, kwa nguvu kamili hizo ni sekunde 45 bila mafuta, na hakuna moto wa hita unaovumilia hivyo.

Hata kama kiungo kingeziba vizuri, mpira mpana ungeleta shida. Ndani ya mrija wa milimita 2 kiputo kinajaza upana wote na kusukumwa mbele chote. Ndani ya mpira wa milimita 5 uliolala, dizeli inapita chini ya kiputo na kukiacha juu, kisha kinakatika vipande na kwenda kwa zamu. Ndiyo maana hita inayowaka mara ya pili ilitoa moshi mweupe: mafuta yalifika kwa matone na mapengo, utambi ukilowa na kukauka bila moto kushika sawasawa. Pampu nayo ilikuwa imerudishwa ikiwa imelala, na katika hali hiyo viputo vinakaa ndani yake.

Marekebisho

Mpira na klipu zote za upande wa kuvutia zilitupwa. Ulipitishwa mrija mmoja mpya wa plastiki ngumu, milimita 2 ndani na 4 nje, kutoka bomba la kuvutia la tanki hadi pampu. Viungo vilibaki viwili tu, kila kimoja na kipande kifupi cha mpira wa mafuta wa milimita 3.5 ndani na klipu ndogo ya kubana ya milimita 10 kila upande. Mrija ulikatwa kwa wembe, ncha ikiwa imenyooka bila mshazari. Koleo la kukatia waya linauponda na kuufanya wa yai. Ncha zinasukumwa ndani ya mpira mpaka zigusane. Pengo lolote hapo ni chumba cha kiputo.

Pampu ilifungwa upya kwenye kishikio chake cha mpira, upande wa kutolea ukitazama juu kwa mwinamo mkubwa kuliko nyuzi 15. Kichujio kidogo cha kwenye mdomo wake kilioshwa. Mrija ukajazwa kwa mashine huku ncha ya upande wa hita ikiwa ndani ya chupa, hadi viputo vikaisha. Kuna wanaojaza mrija kwa kuwasha hita mara tano mfululizo ikiwa imeunganishwa. Usifanye hivyo. Kila jaribio lisilofaulu linamwaga mililita kadhaa ndani ya kichomeo, na siku moto ukishika, mafuta yote hayo yanaungua kwa mkupuo.

Kwa sababu hiyohiyo kufuli ya kompyuta haikufutwa kabla ya kazi hii kuisha. Kufuli ipo ili kuzuia mtu kuendelea kumwaga mafuta kwenye kichomeo kisichowaka.

Kichomeo kilifunguliwa, maana baada ya moto kukatika mara nyingi hivyo lazima kingekuwa kimechafuka. Tabaka la kaboni lilikuwa zito upande wa chini wa utambi, kule dizeli inakotuama. Hapa kaboni ilikuwa tokeo la ugonjwa, ingawa ikishazidi nayo inaanzisha ugonjwa wake: inaziba utambi, mvuke hautoki sawasawa, kuwaka kunakuwa kugumu. Kuta za chuma zilikwanguliwa kwa kipande cha mbao ngumu na kupulizwa. Utambi wenyewe haukwanguliwi wala kuchokonolewa kwa waya. Ukiziba unabadilishwa pamoja na sehemu yake ya kichomeo, na gasketi mpya lazima. Gasketi ya zamani ikirudishwa, moshi wa ekzosi unaweza kupenya mahali usipotakiwa.

Plagi ya zamani, ile iliyotolewa gereji ya kwanza, ilipimwa kwa udadisi tu: ukinzani chini ya ohmu moja, nzima kabisa. Usizijaribu plagi hizi kwa kuzigusisha na betri. Nyingi hazijatengenezwa kubeba volti 12 kamili, kompyuta huzipunguzia, na ukizipa 12 moja kwa moja unaziua wewe mwenyewe halafu unaamini zilikuwa mbovu.

Hita ilipotolewa kulanti ilimwagika, kwa hiyo kulikuwa na hatari ya kutengeneza lile tatizo jingine la dakika ya tatu. Mfumo ulijazwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na kulanti ya glikoli. Kidhibiti cha joto la kabini kikawekwa kwenye joto la juu kabisa, skrubu za kutolea hewa zikafunguliwa, injini ikaendeshwa mpaka themostati ikafunguka, kiwango kikaongezwa. Baada ya hapo tu ndipo hita iliwashwa, mkono ukiwa juu ya mipira miwili.

Baada ya kazi

Kipimo cha mafuta kilirudiwa asubuhi iliyofuata kwa robo tanki, gari likiwa limelala: mililita 15 mara ya kwanza, bila povu. Kufuli ikafutwa. Hita ilitoa moshi mweupe hafifu kwa dakika chache, ambao ni unyevu uliobaki kwenye ekzosi, kisha ikapanda hadi nguvu kamili na kukaa huko. Kwa nyuzi 8 chini ya sifuri kulanti ilifika nyuzi 65 katika dakika 24. Hapo injini nzima na kabini vimepashwa kwa robo lita ya dizeli.

Jaribio hilo lilifanywa nje. Hita hizi hutoa kaboni monoksaidi kama injini yoyote, na saa ya kupanga muda haijui kama gari limeegeshwa ndani ya banda lililofungwa. Kituoni mwa mafuta nayo inazimwa kabla ya kufika, kwa sababu dakika zake mbili tatu za kupoa bado zina plagi ya moto.

Mwenye gari aliuliza kama betri itahimili. Nusu saa ya hita na pampu zake, pamoja na feni ya kabini kwenye kasi ndogo, ni kama ampea-saa 4. Si mzigo mkubwa kwa betri nzima ya ampea-saa 70, ila baridi kali huipunguzia betri uwezo wake, na safari ya dakika tano kwenda kazini hairudishi kilichotumika. Kanuni inayotosha ni kuendesha gari angalau muda uleule hita iliofanya kazi. Na miezi ya joto, iwashwe dakika 10 mara moja kwa mwezi, ili pampu ya kulanti isigande na dizeli kwenye mrija isikae hadi kuchakaa.